Maoni Yangu kwa Bwana Anton

Jumatatu, 22 Agosti 2005

Mwisho wa mwezi Mama Judith atamchagua msimamizi wa hapa kwenye duka lake la intaneti, Karatu. Tuko wawili tu: mimi Herbert, na Silvanus. Silvanus anachekea wateja kupita kiasi. Mtu wa hivyo ana lake jambo.

Nimeweka programu ya ulinzi kwenye kompyuta zote. Inapiga picha kila kinachoonekana kwenye kioo, mwenye kutumia hajui. Mama nimemwambia ni dawa ya virusi.

Nimemchunguza Silvanus kutwa nzima. Hachezi karata. Alikuwa anasoma namna ya kutengeneza printa. Nimeshtuka. Mtu gani anasoma printa bila kutumwa?

Jumanne, 23 Agosti

Programu ina ukurasa wa maoni ya watumiaji. Nimemwandikia mtengenezaji, Bwana Anton, yuko Ulaya huko. Nimependekeza kompyuta ijifunge na kupiga king'ora mtu akiandika maneno fulani. Nikaeleza na sababu, asije akadhani natania: kwamba mwenzangu Silvanus ni mnafiki, na bosi wangu ni mwema ila hudanganyika upesi, kama kuku aliyeonyeshwa mtama.

Amejibu kabla ya chakula cha mchana. Mzungu mzima ananishukuru mimi! Kitu hicho kimo kwenye toleo la majaribio, kanitumia. Akashauri nianze na kompyuta moja, na watumiaji waambiwe. Hapo aliandika kirefu, nikaruka.

Alhamisi, 25 Agosti

Siku ya mnada, mji umejaa. Toleo jipya nimeliweka kwenye kompyuta zote. Maneno niliyochagua: "kuacha kazi". Lazima Silvanus anatafuta pengine.

Asubuhi aliingia Nasieku, nesi kutoka Endulen. Alipanda lori la ng'ombe alfajiri ili aandike barua ya kuomba masomo ya ukunga. Mwisho wa kupokea maombi ni leo, saa kumi jioni. Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, hadi saa nane. Kumbe mwishoni akaweka kwamba hana nia ya kuacha kazi, akisoma atarudi Endulen.

King'ora kikalia. Nasieku aliruka akatazama mlangoni, akadhani ni gari la wagonjwa. Kompyuta zote zikajifunga. Neno la siri nililiweka kwa haraka, silikumbuki. Nikazima na kuwasha. Barua haipo.

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Aliniuliza, "Kaka, barua yangu iko wapi?"

Nikamwambia ni umeme.

Silvanus akasema, "Umeme gani, Herbert, na taa inawaka?"

Akaja kwenye meza yangu, akafungua programu yangu kama ameiweka yeye. Kumbe aliiona tangu Jumatatu, akawa ananisubiri niseme mwenyewe. Ndani zilikuwemo picha za barua nzima, mstari kwa mstari. Nasieku akawa anamsomea, Silvanus anachapa. Ikaondoka kabla ya saa kumi. Nasieku akamshukuru kwa Kimaasai, "Ashe oleng." Mimi aliniangalia tu kama mtu anayetafuta kidonda kilipo.

Nilitaka kumkumbusha kwamba picha ni za programu yangu. Sikupata nafasi.

Ijumaa, 26 Agosti

Habari njema. Bwana Anton amependa maoni yangu, ameyaweka ukurasa wa mbele wa tovuti yake ili watumiaji wengine wayajadili. Jina langu na Karatu vinaonekana dunia nzima.

Nikamwita Mama Judith aje aone ana mfanyakazi wa namna gani. Akavaa miwani. Sikujua kama Kiingereza chake kiko vile. Alisoma kwa sauti, bila kukwama, mpaka kwenye mtama.

Akavua miwani. "Kumbe mimi ni kuku."

Nikasema ni tafsiri. Akaniuliza tafsiri ya nani, na nimeandika mwenyewe.

Jumamosi, 27 Agosti

Silvanus ndiye msimamizi. Mama alitaka nirudi kwetu Machame leo hii hii. Silvanus ndiye aliyeniombea, akasema nina mke na mtoto mchanga, na kwamba nikielekezwa nafaa. Nimebaki. Kazi yangu ni kufuta vumbi kwenye kompyuta na kumweleza kila anayeingia kama kuna kitu kinamwangalia.

Nilimwomba Bwana Anton ayaondoe maoni yangu. Akajibu kwamba haiwezekani kwa sasa, mjadala umepamba moto. Nikausoma. Watu wa Brazili, wa Uholanzi, hata wa Japani wamechangia. Karibu wote wanashauri Silvanus apandishwe cheo. Watu hawajamwona hata siku moja!

Jumatatu, 29 Agosti

Jana kanisani mchungaji alihubiri unyenyekevu. Sikumsikiliza sana, nilikuwa natafakari kosa langu. Nimeligundua: jina langu lilionekana.

Leo Silvanus alipokwenda kunywa chai, nimemwandikia Bwana Anton pendekezo jipya. Ukurasa wa maoni ufiche jina la anayeandika, hasa akiwa anamsema msimamizi wake. Nikampa na mfano wa msimamizi.

Chini nimeweka jina langu kamili, mji, na mahali ninapofanyia kazi, asije mwingine akajichukulia sifa.