Ndege Isiyokula Muda

Kapteni hakuwahi kurusha hata tiara, lakini kofia ya rubani alikuwa nayo, na mdomo wa kutosha. Siku hiyo alisimama mbele ya dirisha la wakala wa ndege, akasoma ratiba ya kindege cha kila Jumatatu: kuondoka saa nne, kutua saa nne. Wewe na mimi tungejua mara moja: kule kwenye kiwanja cha pili, ng'ambo ya mpaka, saa zao ziko nyuma ya zetu, basi saa nzima ya angani haionekani kwenye karatasi. Kapteni naye alijua. Ndiyo maana alitoka mbio kwenda kwa Mama Vifaranga.

Mama huyu alikuwa akimpelekea dadake wa kule vifaranga wa siku moja, na kwa barabara nusu yao walifia njiani.

"Shikamoo mama. Nimekuletea ndege isiyokula muda. Inaondoka saa nne, inatua saa nne. Vifaranga wako hawatapata hata nafasi ya kusikia njaa!"

"Marahaba mwanangu. Weee! Hata dakika?"

"Hata dakika. Nilipe ya mwaka mzima, nikushikie nafasi kabla wenzio hawajanusa."

Mama alishika shavu, akamshukuru Mungu kwa sauti. Jamani, mtu akishangaa namna hiyo, ungekuwa wewe usingemwibia?

"Pesa iko kwa dada," alisema. "Peleka mzigo wa kwanza mwenyewe, atakulipa ukitua. Pikipiki yako niachie iwe dhamana. Kwani utachelewa?"

Akisema ndiyo, biashara imekufa. Pikipiki ile ndicho kitu pekee alichowahi kununua kihalali, na aliipenda kuliko ndugu zake. Akatoa funguo. Nauli na mizigo akalipa mwenyewe, roho ikimuuma.

Angani alitapika ndani ya kofia. Vifaranga walimpigia kelele mwanzo hadi mwisho.

Dada mtu alimngoja kiwanjani na toroli. Akakagua maboksi: wote wazima.

"Ahsante, baba. Wasafirishaji sisi tunawalipa kwa saa. Umeondoka saa ngapi?"

"Saa nne."

Akamwonyesha saa ya ukutani. Saa nne. "Basi hatudaiani."

"Dada, tumeruka saa nzima! Mgongo unaniuma!"

"Alaa! Kwa hiyo ulimdanganya dada yangu? Nimwite yule askari umweleze?"

Kapteni akanywea. "Kumbe mlijua?"

"Tunapigiana simu kila siku. Mimi nikianza chai, mwenzangu keshaosha vikombe. Hilo nalo la kufundishwa?"

Wiki nzima alisafisha banda la kuku la dada huyo kutafuta nauli. Jumatatu ilipofika alimpigia Mama Vifaranga, karibu kulia: "Mama, nakuomba, pikipiki yangu!"

"Ipo, mwanangu, njoo uchukue. Ila maegesho natoza kwa saa. Na ukiondoka huko saa nne, huku unatua saa sita. Hiyo ndege ya kurudi inakula muda kweli."