Reli ya Haraka Ifike Chuo Kikuu cha Mkiwa

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano huu; Ndugu Makamu Mwenyekiti, ambaye kwa leo ni huyo huyo Mwenyekiti kwa kuwa mwenzake ana homa; Ndugu Katibu Kata; Ndugu Bwana Shamba; Ndugu Bwana Mifugo; Ndugu Padri na Ndugu Sheikh, mlioketi benchi moja kuonyesha umoja wa taifa letu; Ndugu Laurian, balozi wa nyumba kumi, uliyewakusanya watu hawa tangu alfajiri; akina mama, vijana, na ninyi wafugaji mliosimama nyuma pamoja na ng'ombe wenu, ambao naomba wasogezwe kidogo kwa sababu naongea; na wazee wangu wote wa Mkiwa, shikamooni. (Wazee: “Marahaba!”) Uhuru! (Wananchi: “Na kazi!”) Uhuru! (“Na kazi!”) Mmeitikia vizuri, lakini upande wa kushoto mmechelewa, na mimi nimeona.

Kwa wale wasionifahamu, ambao sidhani kama wapo, mimi ni Ndugu Anselm Mazengo, Katibu wa Sabukomiti ya Usafiri wa Haraka, na mjumbe wa kamati nyingine kadhaa ambazo unyenyekevu wangu unanizuia kuzitaja kabla ya saa sita. Nimekuja kuwapa ripoti juu ya swali lililolisumbua taifa, au tuseme lililoisumbua sabukomiti, kwa muda mrefu: je, Reli ya Haraka ya Mji wa Singida, inayotoka sokoni hadi Mandewa, irefushwe kuja mpaka hapa Mkiwa, kwenye Chuo Kikuu cha Ujamaa na Kilimo, au isirefushwe? (Sauti ya mwanamke: “Mimi nitalala wapi?”)

Nimesikia swali la bibi, na nitalijibu katika nafasi yake. Kwa faida ya waliokaa mbali, aliyeuliza ni Bibi Febronia, mjane anayeheshimika sana, ambaye nyumba yake ya tembe imo ndani ya njia ya reli, na ambaye alipelekewa maagizo kwamba nyumba hiyo iondoke kabla ya Jumamosi. Bibi, keti. Serikali haikimbii swali. Serikali inalizunguka kwanza ili kulifahamu pande zote. (Makofi, benchi la mbele tu.)

Ndugu wananchi, ukoloni ulitutembeza kwa miguu. Mkulima wa Kinyangiri alitembea, mfugaji wa Ikungi alitembea, hata ng'ombe walitembea, na hili la ng'ombe sisi katika sabukomiti tuliliona kuwa ni unyonyaji wa aina ya pekee. Ndipo tukabuni plani ya usafiri wenye efishensi ya hali ya juu, yaani behewa linaloondoka kabla abiria hajachoka kusubiri. Wataalamu wetu walifanya hesabu wakagundua kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anayefika darasani akiwa hajatembea ana uwezo wa kufikiri kwa asilimia arobaini zaidi, na akishuka kwenye behewa akiwa na kiti cha kukalia, asilimia sitini, na tukijumlisha hizo mbili, kama ilivyo desturi ya takwimu, tunapata asilimia mia moja. (Vijana: “Safi!”) Si mimi niliyejumlisha. Ni sayansi.

Wako waliopinga. Siwezi kuficha, maana demokrasia yetu ina nafasi hata kwa watu wenye makosa. Mjumbe mmoja, ambaye simtaji lakini anatoka Manyoni na ana meno yaliyoachana, alisema njia isirefushwe, eti tungoje kwanza tuone kama watu watapanda. Nikamwambia, ndugu yangu, wewe unataka watu wapande kwanza ndipo njia ije? Watapanda nini? Nilipompiga swali la pili akaomba ruhusa kwenda msalani, na kura ikapigwa akiwa huko. Tulikubaliana kwa kauli moja. (Vigelegele. Bibi Febronia: “Mwanangu, wingu lile unaliona? Nina wajukuu na ndama. Nitalala wapi?”)

Wingu nimeliona, bibi, na nitaomba liingizwe katika kumbukumbu za mkutano.

Sasa niingie kwenye suala la upimaji, maana maneno mengi ya uchochezi yamesemwa kijijini hapa kuhusu kigingi. Ukweli ni huu. Mpimaji wetu, kijana msomi sana kutoka pwani, alikuja akitokea juu ya kilima, akateremka na kamba yake akiangalia darubini, akafika mahali palipo tambarare, pagumu, pameota majani machache, akasema, hapa ndipo hasa, akapiga kigingi cha reli kwa nyundo. Ni kweli kwamba mahali hapo palikuwa paa la tembe la Bibi Febronia. Lakini niwaulize kwa haki: nyumba inayochimbiwa ubavuni mwa kilima, ikafunikwa kwa udongo mpaka mbuzi wanapanda kula majani juu yake, mgeni wa pwani atajuaje kwamba chini yake kuna mtu anapika ugali? (Kicheko kikubwa.) Msicheke. Kigingi kilipenya kikatokea ndani, juu ya chungu cha mboga, na bibi, kwa heshima yake kwa mali ya umma, hakukigusa. Alipika mboga pembeni yake. Huo ndio uzalendo. Mvua ndogo ilipokuja maji yalipita palepale yakamwagika kitandani, na bado hakukigusa, akahamisha kitanda.

Ndugu Laurian aliniandama ofisini akisema, “Mheshimiwa, si mkisogeze tu hicho kigingi hatua chache, kipite kando?” Nikamweleza kwa upole wote: kigingi kikishaingia kwenye ramani, hakisogei. Nyumba haipo kwenye ramani. Kwa hiyo kati ya hivyo viwili, kinachoweza kusogea ni kipi? Nadhani alielewa. (Ndugu Laurian: “Sikuelewa!”) Alielewa, ila ni mtu mwenye haya.

Bibi Febronia mwenyewe nilimpelekea salamu zangu na maelezo kwamba tembe ni makazi ya kizamani, ya kuishi gizani na ndama na vilindo vya kuhifadhia mtama, na kwamba katika maisha ya kisasa mtu hulala mbali na ng'ombe wake. (Bibi Febronia anasema jambo refu kwa Kinyaturu. Wanaoelewa wanaangua kicheko; Padri anainama kuficha uso.) Asante sana, bibi. Nakushukuru kwa kuniunga mkono.

Ndugu wananchi, manufaa ya kurefusha njia hii ni mengi mno. Ajira: kila kijana wa Mkiwa atakuwa dereva, na asiyekuwa dereva atakuwa mkaguzi wa madereva, na asiyekuwa chochote atakuwa abiria. Kilimo: alizeti itapanda behewa asubuhi na kushuka mafuta jioni. Utamaduni: maprofesa watateremka hapa kila siku kuja kujifunza kutoka kwenu, na nyinyi mtapanda kwenda mjini kujifunza kutoka kwa wale walioteremka. Koordinesheni ya namna hii haijapata kuonekana katika Afrika ya kusini mwa Sahara, wala kaskazini mwake, maana huko sikufika. Na kwa upande wangu mimi, bila kujisifu, nimekosa usingizi kwa ajili yenu, nimekosa chakula cha mchana mara mbili, na gari nililopewa halina kioo kimoja. (Mzee mmoja: “Pole!”) Asante, mzee. Nilikuwa nasubiri neno hilo.

Basi nitoe uamuzi. Sabukomiti, baada ya kutafakari kwa kina na kwa mapana, imeamua: njia irefushwe! Kituo cha mwisho kiwe hapa Mkiwa! (Vifijo. Ngoma. Ng'ombe wanashtuka.) Tulieni. Tulieni, nimalizie na ufafanuzi mdogo wa kiofisi.

Wapo walioniuliza pale njiani, mbona sisi tunakwenda Singida mjini kuuza kuku kila wiki na hiyo reli ya kutoka sokoni hadi Mandewa hatujawahi kuiona? Ni swali zuri, na limeulizwa na watu wenye macho mazuri. Hamjaiona kwa sababu haipo. Ombi lake halikukubaliwa. Lakini sabukomiti ilikuwa imeshaundwa kwa ajili ya kuirefusha, ina mihuri, ina mwenyekiti, na sisi si watu wa kuvunja sabukomiti ovyo. Vilevile chuo kikuu. Chuo kikuu hakijafikiriwa bado na wanaohusika, ila sisi tulikifikiria kwa niaba yao, maana reli haiwezi kwenda mahali pasipo na kitu.

Sasa Jumatatu anakuja mgeni rasmi kutoka makao makuu kukagua hatua iliyofikiwa. Injini hatutamwonyesha, hakuna. Mataruma hatutamwonyesha, hakuna. Ndiyo maana ilikuwa lazima, ndugu zangu, kiwepo angalau kitu kimoja ambacho mtu anaweza kusimama mbele yake akasema, naam, hapa kazi imeanza. Nafurahi kutangaza kwamba kitu hicho kipo. Bibi Febronia, kwa utii ambao naomba uigwe na mkoa mzima, hakungoja Jumamosi: leo alfajiri yeye na wajukuu zake wameshusha paa lote chini kwa mikono yao. Ninamshukuru kwa dhati. Yeye ndiye mradi. Na lile swali lake la atalala wapi usiku huu nimelipokea, na litawekwa kwenye ajenda ya kikao chetu cha mwezi wa tatu.

Tumalize kwa ari! Reli ya Haraka! (Kimya.) Reli ya Haraka, mnaitikia “Mpaka Chuoni!” Reli ya Haraka! (Watu wanaanza kuinuka.) Hivyo ndivyo! Mnaona moyo wa kujitolea! Sijamaliza hata hotuba na tayari wanachukua majembe na makarai kwenda kusafisha njia! Ndugu Laurian yuko mbele kabisa, na Padri amevua viatu, na Sheikh anakunja kanzu anakanyaga udongo. Kweli watu hawa wameupokea mradi. Nendeni, nendeni, mabaki yote ya tembe lile yaondoke!

(Upande wa kilima miti ya paa inaonekana ikipita mikono kwa mikono.)

Dereva, hebu angalia vizuri wewe mwenye macho. Wale wanaishusha ile miti, au wanaipandisha? (Dereva: “Wanaipandisha, mzee. Bibi yuko juu ya ukuta anawaelekeza.”)

Basi iandikwe kwamba mkutano ulifungwa kwa utulivu, na ninawashukuru wote wawili mliobaki, yaani wewe dereva na mimi.