Kopo la Vilivyozidi

Jumatatu, 9 Juni

Likizo, siku ya kwanza! Juma zima bila masjala, bila mafaili, bila bosi kunikoholea mgongoni. Nimeamka na nguvu za ajabu. Nimeizunguka nyumba nzima na bisibisi mfukoni nikitafuta cha kutengeneza.

Nimekipata. Mlango wa oveni unalia. Ukiufungua, kwii! Ukiufunga, kwii! Mke wangu anasema umelia tangu siku tuliyoinunua na haujawahi kumsumbua. Unanisumbua mimi. Jumapili mama mkwe anakuja, mara ya kwanza tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Mke wangu amepanga kumwokea kuku mzima. Mgeni wa namna hiyo hapokelewi kwa kwii.

Nikangoja mke wangu aende kazini. Nikaung'oa mlango, nikapaka bawaba mafuta, nikasugua kioo, nikarudishia. Dakika arobaini tu! Zimebaki skrubu saba na springi moja. Nikavitia koponi.

Kopo lenyewe nilieleze, maana huenda siku moja watu wakaisoma shajara hii. Ni kopo la kahawa, na nje limeandikwa kahawa. Ndani mna kila kilichobaki baada ya mimi kufungua kitu na kukirudishia. Pasi, feni, saa ya ukutani, cherehani ya mke wangu, vyote vimechangia. Nadharia yangu ni kwamba wenye viwanda ni waoga. Panapotosha skrubu nne, wao hutia sita. Mimi nawapunguzia woga.

Mlango haulii tena. Kimya kabisa. Haufungiki pia, lakini hilo ni la kesho.

Jumanne, 10 Juni

Kimenuka.

Mke wangu alitia keki ya majaribio kabla ya kwenda kazini. Mlango ukashuka wenyewe, taratibu, kama mtu anayepiga miayo. Akaufunga. Ukashuka. Akaufunga tena. Keki imeishia kuwa uji wenye ngozi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alikaa, akakunja mikono, akaanza kuorodhesha. Pasi inayochoma upande mmoja. Feni inayopepea ukuta. Saa inayokwenda kinyume. Cherehani inayoshona kurudi nyuma tu. Akasema mama yake amelala miezi minne akila vyakula vya mgonjwa, na kitu kimoja tu alichomwomba kwenye simu ni kuku wake wa kuoka. Nilijisikia vibaya, sitaki kujidanganya.

Kisha akatoa hukumu. Oveni isipooka kuku Jumapili, basi huo ndio mwisho wa karakana yangu. Meza itolewe, kitanda kiingie, kiwe chumba cha mama yake kila atakapokuja.

Karakana yangu! Futi nane kwa kumi za furaha. Meza niliyoipigilia kwa mikono yangu, ambayo haina neno mradi usiiegemee. Jiliwa langu, ambalo tangu mwaka jana limebana mfuniko wa sufuria na halitaki kuuachia. Mtu mzima akinyang'anywa vitu hivyo, ataishi wapi? Sebuleni?

Akashauri nimwite Mhandisi. Huyu ni jirani yetu, mwalimu wa hesabu mstaafu, na uhandisi amepewa na mtaa tu. Ametundika zana zake ukutani na nyuma ya kila moja amechora umbo lake, ili ikitoka ajue ni ipi. Mwezi uliopita aliniazima koleo, akanitaka nitie sahihi! Nimemwambia mke wangu kwamba huyo mtu hataingia jikoni kwangu nikiwa hai.

Jumatano, 11 Juni

Jaribio la kwanza: kuufunga mlango kwa kamba. Kamba imeungua.

Jaribio la pili: gundi. Kwenye kibandiko wameandika kwamba haishindwi na kitu. Imeshindwa. Jikoni kunanuka kama kiatu kilichotupwa motoni. Mhandisi akachungulia juu ya ukuta, akauliza kwa upole tunachoma nini. Nikasema hatuchomi kitu. Akasema kama ni mlango wa oveni, mara nyingi tatizo huwa springi, na yeye ana kisanduku kizima cha springi, amezipanga kwa ukubwa. Springi! Nani kamuuliza? Nikamshukuru kwa meno tu.

Jaribio la tatu: kigoda. Nimekisukuma kikaubana mlango, halafu juu yake nimeweka kopo langu la vilivyozidi, maana ni zito kuliko kitu chochote humu ndani. Umeshika dakika tisa! Nilishaanza kupiga mluzi. Kisha mke wangu akapita na beseni, kidole chake cha mguu kikagonga kigoda. Aliyoyasema siyaandiki hapa.

Nimeacha kigoda na kopo pale pale jikoni, huenda vikafaa tena.

Alhamisi, 12 Juni

Kumbe akili ninayo! Nilikuwa nimeisahau tu.

Nilikuwa nimekaa karakanani nikiaga kila kitu kimoja kimoja, msumeno, randa, jiliwa. Macho yakatua kwenye kabati la mafaili. Ofisini walilitupa mwaka jana na mimi nikaliokoa. Chuma kitupu, droo tatu, vibandiko bado vipo. Ya juu LIKIZO, ya kati MALALAMIKO, ya chini MENGINEYO.

Mkaa utakaa kwenye MENGINEYO. Kuku kwenye MALALAMIKO. Mkate kwenye LIKIZO. Mke wangu alisema oveni isipooka kuku. Hakusema oveni gani! Sanduku la chuma lenye moto ndani ni oveni, na anayebisha alete ushahidi.

Nimeliburuta hadi uani. Nikalichoma kwa moto mkali ndani na nje mpaka rangi yote ikababuka, nikasugua kwa mchanga, nikaosha mara nne. Nikatoboa matundu ya hewa kwa msumari na nyundo, maana drili anayo Mhandisi. Matundu arobaini na sita. Vidole gumba viwili vimevimba. Vibandiko vimeungua, lakini majina nimeyarudishia kwa chaki. Utaratibu ni utaratibu.

Kabati hili nalijua kuliko ninavyowajua binamu zangu. Lina kifaa ndani. Ukifungua droo moja, nyingine zote zinajifunga, ili lisielemewe likamwangukia mtu. Miaka ishirini na miwili nimelifungua na kulifunga. Hakuna litakalonishangaza.

Ijumaa, 13 Juni

USHINDI! Nimejaribu na kidonge kimoja cha unga, saizi ya ngumi. Kimetoka mkate mwekundu, laini, wa kuwekwa dirishani mwa duka.

Mke wangu akala kipande. Akala kingine. Akauliza kama mama yake atalishwa chakula kilichotoka kwenye malalamiko. Nikasema hakuna haja ya mgonjwa kuelezwa kila kitu. Akacheka! Juma zima alikuwa hajacheka. Nilisahau jinsi ninavyopenda anavyocheka, kichwa nyuma na mkono kifuani.

Kisha akaniambia amemwalika Mhandisi chakula cha Jumapili. Eti awe akiba.

Mimi na akiba! Sawa. Aje. Ale, ashibe, anyamaze.

Jumamosi, 14 Juni

Nimelifuta kabati kwa kitambaa. Nimelitazama. Nimelifuta tena.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Nieleze kwa mpangilio.

Saa nne mama mkwe akafika. Amekonda, anatembelea mkongojo, lakini macho ni yale yale yanayomwona mtu mpaka mifukoni. Nikampa shikamoo. Akasema marahaba mwanangu, akaniangalia vidole gumba, hakuuliza.

Saa tano nikatia kuku. Ijumaa nilitumia ngumi moja ya unga. Leo nilitia kilo mbili na hamira mara tatu, maana sikutaka mama mkwe aone tunajibanabana. Moto ukakolea. Harufu ikatoka, tamu ajabu. Mhandisi akaingia na shati lililopigwa pasi na kisanduku mkononi, akalizunguka kabati mara mbili, akasema anavutiwa. Nikajiona mrefu.

Saa sita na nusu nikafungua LIKIZO kidogo, nichungulie mkate.

Mungu wangu! Mkate haukuwa mkate tena. Ulikuwa umefura, umepanda, umekamata paa la kabati na kulishikilia. Nikasukuma droo irudi, wapi! Nikavuta itoke, wapi! Na LIKIZO ikiwa wazi, MALALAMIKO imejifunga. Na kuku yumo. Na mkaa unaendelea kuwaka chini yake.

Nikavuta. Nikapiga teke. Nikalibembeleza kwa sauti ya ofisini. Moshi ukaanza kutoka kwenye matundu yote arobaini na sita. Mhandisi akasema pembeni kuna kilimi, ukikisukuma droo inaachia. Akachomeka bisibisi yake bora kuliko zote, yenye mpini mwekundu. Ikapinda! Nilifurahi, lazima nikiri. Nilifurahi kama sekunde mbili. Kisha harufu ikabadilika, nikajua kuku ameshakuwa mkaa.

Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono isiyo na maji. Machozi yanamlengalenga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kabati langu linifuate.

Mama mkwe akasema basi jamani, kuku ni kuku tu, ngoja yeye awapikie hata kahawa. Akajikongoja jikoni. Tukasikia kopo linafunguliwa.

Halafu akamwita binti yake, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kwa nini springi ya mlango wa oveni imo ndani ya kahawa.

Kumbe! Mama huyu amesimamia jiko la shule ya bweni miaka thelathini. Oveni sita, na fundi hata akiitwa haji, kwa hiyo alizitengeneza mwenyewe. Nilijua alikuwa mpishi. Mengine sikujua, maana sikuwahi kumuuliza. Akaomba kijiko. Mhandisi akafungua kisanduku, akampa zana tatu tofauti. Akazikataa zote, akachukua kijiko. Akaniambia nishike tochi, na nisiguse kitu kingine. Akaketi kwenye kigoda changu, mkongojo magotini, akaingiza mpini wa kijiko kwenye springi, akaivuta, tak! Akazitafuta skrubu zake koponi kwa kidole, moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Zote saba zikaingia. Hakuna hata moja iliyozidi! Dakika sita.

Akaufunga mlango. Kwii!

Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akafungua friji, akatoa kuku wa pili. Alikuwa amenunua wawili. Ananijua.

Tumekula saa kumi. Kuku ametoka vile inavyotakiwa, na mama mkwe alikula mapaja yote mawili na kulamba vidole, na mke wangu alikuwa anamtazama tu bila kula. Mkate ulitolewa kwa nyundo na patasi. Mhandisi amesema ndani si mbaya. Kesho nitamwomba radhi kuhusu bisibisi.

Baada ya kula ikaja hukumu. Mke wangu akasema oveni imeoka, ila si kwa mkono wangu, kwa hiyo karakana inakwenda. Nikainamisha kichwa. Ndipo mama mkwe akasema hataki kulala kwenye chumba kinachonuka mafuta ya mashine. Isitoshe, meza ile anaihitaji. Atakaa majuma mawili na anataka kuanza na cherehani. Nami nitamshikia tochi, nitazame watu wanavyofanya kazi.

Akatoa sharti moja tu. Nile kiapo. Nimekula, mbele ya watatu wote, mkono juu ya kopo: kuanzia leo sifungui tena kitu kizima. Mhandisi amekiandika na nimetia sahihi. Nilisema kwa moyo wangu wote. Mke wangu akanishika bega, na mkono wake ukabaki pale muda mrefu kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Saa moja asubuhi. Leo narudi kazini. Mke wangu ameshaondoka, mama mkwe bado amelala. Jana kabla ya kulala alimwaga kila kilichokuwa koponi kwenye meza ya karakana na kukipanga: vya pasi huku, vya feni huku, vya saa huku. Amepanga vizuri sana. Kopo limebaki tupu, nalo linatia huruma.

Mimi ni mtu mwingine. Nimepita mbele ya saa inayokwenda kinyume, sikuigusa. Nimepita mbele ya feni, sikuigusa. Nilikuwa nakunywa chai yangu jikoni kwa amani kabisa niliposikia friji inakoroma.

Nikakisoma tena kiapo changu. Kinasema kitu kizima. Je, kitu kizima kinakoroma? Mama mkwe ni mgonjwa anayehitaji usingizi, na ukuta kati yake na friji ni huu mmoja tu. Basi la ofisini linapita saa mbili kasoro. Muda upo.

Nyuma kulikuwa na skrubu sita. Nne zingetosha.