Meno ya Kadi na Mafuta ya Nazi

Jumatatu, 3 Februari
Kadi mpya ya picha ya kompyuta yangu imefika hapa Barani. Ya zamani iliungua, na bila kadi ramani yangu ya kijiji haifunguki. Kila nyumba imo, kama nilivyoiacha tulipohamishiwa huku nikiwa na miaka kumi. Jumamosi wazee wataamua ramani ipi ndiyo ya haki: yangu, au ya Taib, mwenzangu wa kijiji kile, iliyochorwa kwa kalamu na kuweka kisima uani kwa babu yake. Kisima kilikuwa cha watu wote! Nimeyapaka meno ya shaba ya kadi mafuta ya nazi, kinga ya chumvi ya bahari. Kufuli zetu hudumu hivyo. Nimeichomeka. Kompyuta imewaka, kadi haiioni.

Jumanne, 4 Februari
Nimezima, nimewasha. Nimechomoa, nimechomeka. Nimebadilisha waya. Katika orodha ya vifaa, kadi haimo. Taib amepita kunijulia hali, yaani kuchungulia. Akauliza kama kompyuta nayo imesahau kwao. Nikamjibu kuwa ina adabu, haisemi isichokijua. Alipoondoka nimeongeza mafuta.

Alhamisi, 6 Februari
Bado. Mke wangu Mwanamina ameuliza nani kamaliza mafuta yake ya nywele. Nimeinama kukagua waya. Akamwita fundi Katana bila kunishauri. Katana amefungua kompyuta, akanusa.
"Shikamoo tena, mzee. Hii kadi uliichomeka au uliikaanga?"
Amesafisha meno na tundu lake kwa spiriti. Ameniusia kuwa mafuta huzuia umeme kupita, nisirudie abadani. Nimeitikia. Kadi imeonekana! Ramani imefunguka, hadi mkunazi wa nyuma ya chuo cha Kurani.

Jumamosi, 8 Februari
Projekta ilikuwa moja tu, ya Taib. Ameniazima kwa uso wa aliyemeza shubiri. Ramani ikajaa ukutani. Bikizee aitwaye Harusi, mkubwa wetu sote, akainuka kwa mkongojo, akaweka kidole kisimani, nje ya nyua zote.
"Hapa ndipo nilipovunja mtungi wa mama."
Wazee wakapitisha ramani yangu. Taib alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Akanong'ona kuwa hata yeye anaukumbuka mtungi ule.
Kesho namrudishia projekta. Matundu yake yameanza kushika kutu, maskini. Si uungwana kurudisha chombo cha mtu vivi hivi. Mwanamina yuko kwa jirani, na kabatini mna chupa mpya ya mafuta ya nazi.