Majani Mapya kutoka Tukuyu

Alhamisi, 12 Juni 2025. Mtaani Picha ya Ndege, Pwani

Leo nimeuza vikombe viwili. Vyote kwa Mzee Mwashi, karani mstaafu anayekuja na kigoda chake mwenyewe. Wengine wako ng'ambo ya barabara, kwa Biubwa. Walimu, bodaboda, hata kinyozi wangu! Mzee Mwashi kanieleza kwa upole kwamba chai ikiwa hivi hivi Jumatatu, na yeye anavuka.

Biubwa anaweka nini? Mimi naamka saa kumi, naongeza maji juu ya majani ya jana. Ya juzi nayo yamo. Rangi ninayo, nyeusi kama lami. Basi kosa ni la majani ya dukani, yamechoka. Nitayafuata yanakoota! Stellamaris, shangazi wa mke wangu Margareth, anaishi Tukuyu. Margareth anashauri nianze kwa kuosha sufuria. Hana jicho la biashara.

Ijumaa, 13 Juni. Tukuyu

Kutwa nzima ndani ya basi. Baridi! Shangazi kanivalisha koti la marehemu mumewe, kisha kanipa chai. Sijawahi kunywa kitu kama kile. Nimeomba kikombe cha nne. Nimechungulia jikoni, sikuona uchawi wowote.

Jumamosi, 14 Juni

Vilima vyote ni chai, mpaka ukingoni mwa mji. Na kumbe chai ni mti! Wanaukata ubaki usawa wa kiuno. Ukiachwa unaipita nyumba kwa urefu. Nani aligundua kwamba jani hili linanyweka? Alijaribu mangapi kabla yake? Nilitaka kuuliza, ila nilishajitambulisha kuwa mtaalamu kutoka Pwani.

Wachumaji wanachukua ncha tu: vijani viwili na kichipukizi. Hasara! Kisamvu tunachuma laini kwa ajili ya meno. Chai haitafunwi. Waliponiruhusu kujaribu, nikainama nikajaza mfuko majani makubwa ya chini, magumu, yaliyokomaa. Evodius, msimamizi wao, akauliza kama nafuga mbuzi.

Jioni nikambana Shangazi aitoe siri. Akaleta pakiti. Ile ile ya dukani kwetu! Akasema kila birika anaweka majani mapya, yaliyotumika anayamwaga kwenye migomba. Nimeshangaa sana. Tukuyu migomba inakunywa chai! Nimeandika.

Jumapili, 15 Juni. Ndani ya basi

Mfuko umepata joto. Unatoa harufu. Abiria wamefungua madirisha, wakati Makambako kuna baridi ya kukata masikio. Konda kaupeleka kwenye buti bila kuniomba ruhusa. Hawa wakinywa chai wanadhani inaota ndani ya pakiti.

Jumatatu, 16 Juni. Picha ya Ndege

Nimeyamimina majani ya Tukuyu juu ya yale ya wiki iliyopita. Nikachemsha kwa saa mbili. Mzee Mwashi akafika, nikampa shikamoo, akaitikia, akaketi. Akapiga funda moja. Akaniuliza kama nyumbani wote wazima. Kisha akabeba kigoda, akatazama kulia na kushoto, akavuka.

Imeniuma. Miaka sita kigoda kile kimekaa mlangoni kwangu. Miguu yake mitatu imeacha vishimo kwenye udongo, nami kila nikifagia navikwepa.

Mchana nikaenda kupeleleza. Biubwa hana hata haya, kanikaribisha na kunipa kikombe. Nzuri, nakiri. Nikamuuliza anafanyaje. Akasema hana siri yoyote: kila asubuhi anamwaga majani ya jana kwenye mpapai, anaosha sufuria, anaanza upya. Ubadhirifu mtupu! Hafiki Desemba.

Ila nikiwa pale nilitazama vizuri. Kikombe chake unaona mpaka chini. Changu huoni. Jibu likanijia lenyewe: maji! Kesho alfajiri naenda Kisarawe na madumu mawili. Nako kuna vilima, hakukosi maji ya maana.

Majani sijamwaga. Ndiyo kwanza yanaanza kutoa rangi.