Mgongo wa Fundi Makochi Si Kitanda cha Mtoto

Kwa Daktari wa Mazoezi ya Viungo,
Chumba cha mwisho ukishapita famasi.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini u mzima, na kwamba lile benchi la wagonjwa wako linaloyumba mguu mmoja bado halijamwangusha mtu. Mimi ni yule fundi makochi uliyemlaza kifudifudi wiki iliyopita, ukambonyeza mgongo mpaka akamwita mama yake. Siku ile sikulalamika. Nalalamika leo, kwa maandishi na kwa heshima zote, nikiomba cheti chenye mhuri kinachotamka wazi kwamba mgongo wangu hauruhusiwi kubeba mtoto. Binti yangu amesema akikiona cheti hicho, kuanzia Jumatatu atampeleka mwanawe kituo cha kulelea watoto. Kwa hiyo naomba ufanye haraka.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu wa kike. Hajatimiza mwaka na meno yake hayatoshi kuuma mkate, lakini nyumba nzima tunamwita Bosi, kwa sababu akiingia chumbani kila mtu anasimama. Mke wangu humwita mke mwenza. Bosi halali kitandani, halali mkekani, halali hata kwenye kochi nililolitengeneza kwa mikono yangu, jambo ambalo kama fundi limenichoma roho. Analala mgongoni mwangu tu, akiwa amefungwa kwa kipande cha kitambaa cha makochi chenye maua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeonewa kikazi. Sisi mafundi makochi hushika misumari midogo kwa midomo, tukiitoa mmoja mmoja kupigilia kitambaa. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kusema hapana, na binti yangu analijua hilo tangu utotoni. Kila asubuhi anasubiri nijaze mdomo, ndipo anaingia karakana na kuniuliza kwa sauti tamu kama anaweza kuniwekea Bosi kidogo tu, Baba, nakimbilia kazini. Mimi naguna. Yeye anasema ahsante sana, Baba, na kabla sijaitema misumari nimeshapigwa fundo kifuani. Hiyo kidogo tu huisha jioni.

2. Umenivurugia amani kwa ile picha yako ya ukutani. Zamani nilikuwa na mgongo mmoja, na ukiuma unauma, basi. Wewe ukanionyesha mtu asiye na ngozi na kuanza kunitambulisha: huu msuli mpana unaotoka kisogoni, ukatanda mabegani na kushuka hadi katikati ya mgongo, ndio unaoinua mabega. Huu unaotoka kiunoni na kupanda hadi kwapani ndio unaovuta mkono chini na nyuma. Hii midogo iliyo kati ya mafupa bapa ya mabega kazi yake ni kuyakaribianisha. Tangu siku hiyo kila mmoja unalalamika kivyake. Bosi akinivuta sikio, ule wa juu unapanda. Akiteleza nikampandisha, ile ya katikati inabanana. Sina tena mgongo, Daktari, nina mkutano wa hadhara.

3. Kazi yenyewe ina kasoro, na hapa nasema kama mtaalamu. Kochi lina matabaka: kitambaa, sponji, mikanda, kisha fremu ya mbao. Ukaniambia mgongo nao una matabaka: la juu la kusogeza mikono, la kati la kuzisaidia mbavu wakati wa kupumua, na chini kabisa ile misuli mirefu inayokimbia sambamba na uti wa mgongo, pamoja na midogo inayoshikanisha pingili na pingili ili mtu asimame wima. Sawa. Lakini mkanda wa kochi ukilegea, naligeuza, natoa mkanda, naweka mwingine, mteja anaondoka na kochi lake. Nilipokuomba unigeuze unibadilishie mikanda, ulicheka. Ukasema hii haibadilishwi, inafanyishwa mazoezi. Nani aliyeipokea kazi ya namna hiyo? Mimi kochi la hivyo ningerudishiwa siku hiyohiyo.

4. Maagizo yako hayatekelezeki. Ulisema nisikunjike juu ya kochi kutwa nzima, bali niliweke mezani, nifanye kazi nimesimama wima, nitembeetembee. Kwa umri huu? Nimekunjika tangu ujana na hakuna aliyeniuliza. Kibaya zaidi, Bosi ameyashika maagizo hayo kuliko mgonjwa. Nikiinama, analia. Nikikaa, analia. Nikisimama wima na kutembea, kimya. Nimeanza kushuku kwamba mnawasiliana.

5. Anakojoa. Tabaka hilo halimo kwenye picha yako.

6. Heshima yangu imeshuka. Juzi dereva aliyekuja kuchukua kochi la mteja alinikuta nikizunguka karakana, nyundo mkononi, nikiimba kwa pua. Akaninong'oneza, shikamoo bibi. Sikuweza hata kumjibu, maana mdomo ulikuwa na misumari.

Sasa tufikiri pamoja, Daktari. Kinacholaliwa ni kitanda. Mtu mwenye kitanda mwilini ni samani. Na samani, mimi nazijua, zikichakaa hutolewa nje na kuwekwa nyuma ya nyumba, kuku wakazipanda. Naomba cheti kabla sijafikishwa huko.

Nisalimie muuguzi anayeita majina, nisalimie wa famasi, na yule bwana asiye na ngozi mwambie pole.

Wako, kwa mgongo uliosalia,
Fundi Makochi.

Nyongeza: Barua hii ililala mezani ikingoja bahasha. Jana binti yangu alishinda na Bosi huko kituoni, wakimzoesha. Karakana ilikuwa kimya mpaka nikachukia. Nilikunjika juu ya kochi kama zamani, hakuna aliyelia, na kufika alasiri ile misuli mirefu ilikuwa imekaza hata mke wangu akaja kuninyanyua. Akasema, mke mwenzangu angekuwapo haya yasingekupata. Bosi aliporudi alinikuta mlangoni, mdomoni sina hata msumari mmoja, nikageuza mgongo mwenyewe. Naandika haya nimesimama, kochi liko juu ya meza, naye amelala, namsikia anavyopumua. Hakuna panapouma. Kwa hiyo cheti, kama umeshakipiga mhuri, kikunje ukiweke chini ya ule mguu wa benchi. Na binti yangu akija kukuuliza, mwambie mgongo wa baba yake una hali mbaya, kisha mwandikie dawa: mtoto mmoja, kutwa mara moja, asubuhi hadi jioni, mpaka miguu yake ifike chini.