Redio Zinasubiri Mgeni Rasmi

Kamati ya Usikivu wa Majumbani, ambayo mimi Aristides ni katibu wake, inautangazia umma kwamba zoezi la kufundisha watoto kwa redio, baada ya shule kufungwa kwa sababu ya ugonjwa, linakwenda vizuri mno. Redio zote zimefika salama. Zipo ofisini kwetu, ndani ya maboksi, na hakuna hata moja iliyoguswa na mtoto.

Walalamikaji hawakosekani. Consolatha, mkulima wa Murukulazo, alikuja na jembe begani.

"Shikamoo, katibu. Ishimwe wangu yuko darasa la saba. Mtihani unakuja na vipindi vinampita. Nipe redio moja tu."

"Marahaba. Hazijazinduliwa, mama."

"Si mzizindue?"

Nilimweleza polepole, maana wananchi wetu ni wazito kuelewa. Uzinduzi unahitaji mgeni rasmi, ngoma na umati. Umati umekatazwa kwa sababu ya ugonjwa. Ugonjwa ukiisha tutazindua, na watoto watasomea nyumbani kwa raha zao.

"Ugonjwa ukiisha si watarudi shule?"

Swali hilo tumelipokea na linafanyiwa kazi.

Ni kweli redio moja ilifunguliwa kwa majaribio. Kamati iliijaribu kila siku ya mpira.

Ndipo mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Sostenes, akapata wazo: tuzindue hewani, kila familia isikilize ikiwa kwake. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kuuliza watasikilizia nini kungekuwa utovu wa nidhamu.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alihutubia redioni kwa simu kutoka ofisini. "Watoto wote wananisikia kwenye redio zao mpya!" Mtangazaji akataja namba ya simu ya wasikilizaji kupiga. Consolatha alikuwa nje ya dirisha letu, akiisikiliza redio ya majaribio. Akapiga kwa simu yake ya kitochi.

"Mimi ni mzazi. Tunashukuru kwa redio. Ziko nyuma ya kiti cha Mheshimiwa, naziona kutoka hapa. Mwanangu hajasikia hata kipindi kimoja."

Mheshimiwa akafunga dirisha. Kuanzia Ngara hadi Biharamulo, kila mwenye redio alilisikia likifungwa.

Amri kutoka juu ilifika kabla hatujanywa chai: Kamati yenyewe igawe redio, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, leo hii. Mheshimiwa alipanda kilima hadi kwa Consolatha na boksi kichwani. Consolatha akatia betri, Ishimwe akafungua daftari. Mheshimiwa akakohoa, tayari kuzindua.

"Mzee, nyamaza kidogo," alisema Consolatha. "Mwalimu anafundisha."

Kamati ilisikiliza hisabati mpaka mwisho, imesimama juani. Ishimwe alimaliza zoezi mapema. Mheshimiwa bado analifanya, ameomba aongezewe muda.